Mwongozo Kamili wa Kuongoza Kikundi na Sanamu ya Bikira Maria Kutoka Nairobi Hadi Hija ya Subukia

Kila Oktoba ikipita, viongozi wa jumuiya hurudi na malalamiko yaleyale: kikundi kilifika kituo cha hija cha Subukia wakati padre amekwisha kuanza mahubiri, sanamu ya Bikira Maria ikatolewa kwenye basi ikiwa imekatika vidole, na nyanya wa zaidi ya miaka 70 akabaki ameketi chini ya kilima kwa sababu hakuna aliyepangiwa kumshika mkono. Huuliza walikosea wapi kule Subukia. Kwa maoni yangu, baada ya kuongoza vikundi vya parokia yetu ya Eastlands kwa miaka kadhaa, karibu kila kinachoharibika Subukia kilikwisha kuharibika Nairobi, wiki tatu au nne kabla ya safari.

Mwongozo huu basi unatumia nafasi kubwa kwa maandalizi ya nyumbani na nafasi ndogo kwa siku yenyewe. Umeandikwa kwa kikundi cha watu 30 hivi kinachosafiri kwa basi moja na sanamu moja. Wanaokwenda na mabasi matano wagawanyike katika vikundi vitano, kila kimoja na kiongozi wake.

## Vitu vya kukusanya kwanza

Usianze kukusanya michango kabla ya kujua vitu hivi vitatoka wapi.

Kwa ajili ya sanamu: sanamu yenyewe, isiyozidi sentimita 60 kwa urefu, machela ya mbao ya kuibebea, sanduku gumu la kuisafirishia, sponji ya godoro kuukuu, leso nne za pamba, mikanda miwili ya kufungia mizigo yenye klipu, stuli mbili za urefu sawa, turubai dogo la kuifunika mvua ikinyesha, na taulo ndogo nne za mabegani.

Kwa ajili ya watu: orodha ya majina iliyochapishwa katika nakala tatu, kisanduku cha huduma ya kwanza, skafu za rangi moja kwa kila hujaji, maji ya kunywa, karatasi za chooni (hizi husahaulika kila mwaka, nami nimeacha kushangaa), tochi mbili, miavuli, na sweta. Watu wa Nairobi hudhani wao wanaijua baridi. Wakishuka kwenye basi alfajiri katika nyanda zile za juu, ndipo huuliza kama kuna aliyebeba shuka la ziada.

Kwa ajili ya maji ambayo mahujaji huteka kwenye chemchemi ya Subukia: mtungi mmoja wa lita 5 kwa kila mtu, ulioandikwa jina kwa kalamu isiyofutika. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa hiyo tumieni vikapu au mifuko ya kitambaa.

## Hatua ya 1: Amua siku kabla ya kutangaza chochote

Kituo cha hija cha Subukia, kiitwacho Kijiji cha Maria Mama wa Mungu, kiko katika Jimbo Katoliki la Nakuru na hupokea mahujaji mwaka mzima. Siku yake kubwa ni Siku ya Kitaifa ya Maombi, ambayo Baraza la Maaskofu Katoliki Kenya huiadhimisha Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, mwezi wa Rozari. Siku hiyo umati ni mkubwa mno, maaskofu huwapo, na wengi hufika tangu Ijumaa ili kukesha.

Kiongozi anapaswa kujiuliza swali moja: je, kikundi kinakwenda kuungana na taifa zima katika sala, au kinakwenda kubeba sanamu yake kwa utulivu kituo kwa kituo katika Njia ya Msalaba? Yote mawili ni mema, lakini ni vigumu kuyapata kwa siku moja. Katika umati wa Siku ya Kitaifa, machela yenye miti ya futi 8 huwagonga watu, na wabebaji hawaoni wanakokanyaga.

Ushauri wangu ni kwamba kikundi kinachotaka kupanda kilima na sanamu kichague Jumamosi nyingine, na kinachokwenda Siku ya Kitaifa kifanye maandamano ya sanamu parokiani jioni ya kuaga, kisha kisafiri bila machela. Wako watakaonuna. Waache wanune Nairobi, kuliko kunung'unika mlimani.

Baada ya kuamua, mwombe paroko awasiliane na ofisi ya kituo cha hija ili mpate ruhusa ya kuingia na sanamu, na ili mjue saa za Misa na za kitubio. Hatua hii imekamilika utakapokuwa na tarehe, saa ya Misa na ruhusa, vyote vikiwa vimeandikwa kwenye daftari la katibu.

## Hatua ya 2: Orodha ya watu, siyo orodha ya malipo

Makosa ya kawaida ni kuwa na orodha inayoonyesha nani amelipa nini, bila kuonyesha nani ana ugonjwa wa moyo. Kwa kila hujaji andika jina, namba ya simu, namba ya ndugu aliyebaki nyumbani, ugonjwa unaohitaji dawa za kila siku, na kama anaweza kupanda kilima kwa miguu yake. Suala hili la mwisho lishughulikiwe faraghani na kwa heshima, kwa sababu wazee wetu wengi husema "naweza" mbele ya watu.

Kila mzee au mgonjwa apewe msindikizaji mmoja, kijana anayejulikana kwa jina, aliyekubali mbele ya mzee huyo. "Vijana watawasaidia" si mpango. Pale ambapo kila mtu amepewa kazi, hakuna aliyepewa kazi.

Michango ikusanywe kwa namba moja ya M-Pesa ya kikundi na ifungwe siku 10 kabla ya safari. Anayelipa siku ya safari hupewa nafasi ikiwa ipo, na hakuna haja ya kuomba radhi kwa sharti hilo.

## Hatua ya 3: Basi na madereva wawili

Kutoka Nairobi hadi Nakuru ni takriban kilomita 160, na kutoka Nakuru hadi Subukia, kwa barabara ya Nyahururu inayopitia Bahati, ni kama kilomita 40 zaidi. Gari la abiria lenye kidhibiti mwendo halipaswi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na barabara haiko tupu. Kwa hiyo hesabu saa 4 hadi 5 za kwenda na saa zizo hizo za kurudi.

Hapo ndipo pana jambo ambalo vikundi vingi havilijui. Sheria ya trafiki ya Kenya hairuhusu dereva wa gari la abiria kuendesha zaidi ya saa 8 kwa jumla ndani ya saa 24. Kwenda na kurudi siku moja kunaivuka hesabu hiyo kwa urahisi. Basi lenye dereva mmoja lina dereva anayesinzia Kinungi, njiani kurudi Nairobi, saa mbili usiku huku mahujaji wakiimba nyimbo za Mama Maria na kudhani mambo ni shwari. Dai madereva wawili katika mkataba, au lala Nakuru.

Kagua pia yafuatayo kabla ya kulipa hata shilingi moja: leseni za madereva, bima ambayo muda wake haujaisha, mikanda ya viti inayofunga kweli, na kibali cha muda cha NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) ikiwa gari limesajiliwa kwa njia ya mjini. Mwenye gari akikujibu kwamba "hayo tutamalizana na askari barabarani," mshukuru na utafute gari lingine.

## Hatua ya 4: Kagua sanamu na uijengee machela

Sehemu hii ndiyo inayohitaji subira kuliko zote, kwa sababu sanamu nyingi za parokia zetu ni za plasta, na plasta haina huruma. Ni ngumu ukiigusa, lakini haipindi hata kidogo, hivyo mtikiso mdogo unaorudiwa kwa saa nne barabarani huimaliza pole pole mahali ilipo nyembamba: shingoni, vidoleni, kwenye taji, na ukingoni mwa kitako.

Wiki nne kabla, iweke sanamu mezani penye mwanga na uipapase kwa vidole. Nyufa ndogo kama nywele huonekana vizuri zaidi ukimulika tochi kutoka ubavuni. Igonge kitako polepole kwa kidole: mlio mmoja na thabiti ni dalili njema, ilhali mlio wa kupasuka, kama wa chungu chenye ufa, unaonyesha kwamba ndani pameachana. Sanamu ya namna hiyo haisafiri. Ibaki parokiani, mtafute ndogo ya mbao au ya fibaglasi.

Isimamishe kisha uisukume kidogo kwa kidole kimoja. Ikiyumba, kitako si tambarare, na hakuna mkanda utakaorekebisha jambo hilo. Weka kipande cha sponji nyembamba chini yake mpaka iache kuyumba.

Machela humhitaji fundi wa mbao wa kawaida na kazi ya siku moja. Mwagize miti miwili ya kubebea yenye urefu wa futi 8, iliyopigwa randa vizuri isiwe na vibanzi, na jukwaa la plaiwudi nene la futi 2 kwa futi 2 katikati. Jukwaa lifungwe kwenye miti kwa bolti zenye nati, siyo kwa misumari, kwa kuwa msumari hulegea kila wabebaji wanapobadilisha mwendo, na hulegea bila kukuambia.

Kuzunguka kitako cha sanamu, fundi apigilie vipande vinne vya mbao vilivyofunikwa kitambaa, vikiunda fremu ambamo kitako kinaingia kwa kubana kidogo. Fremu hii ndiyo inayozuia sanamu kuteleza. Mikanda kazi yake ni kuizuia kuinuka na kuanguka. Watu wengi hutegemea mikanda peke yake, kisha huikaza mpaka plasta inapasuka.

Funga mikanda kwenye kitako na kwenye sehemu ya chini ya vazi, palipo pana. Kamwe usifunge shingoni, mikononi wala kiunoni. Weka leso iliyokunjwa kati ya mkanda na sanamu ili rangi isikwaruzwe. Kamba ya nailoni nisingeishauri: fundo lake huteleza, na kamba nyembamba huikata rangi.

Mapambo yaje mwisho. Maua mabichi ni mazuri, lakini yasifiche klipu za mikanda, maana kiongozi wa wabebaji lazima azione kila mnaposimama. Mishumaa isiwekwe kwenye machela yenye vitambaa vya lesi na shela. Upepo wa kilimani hauna adabu. Mishumaa ibebwe na watu wanaotembea kando.

Utajua kazi imefaulu hivi: watu wawili wakiishika machela na kuiinamisha upande mmoja kiasi cha mteremko wa ngazi, sanamu isisogee hata kwa upana wa ukucha.

## Hatua ya 5: Chagua wabebaji kwa mabega, siyo kwa vyeo

Hapa pana siasa. Mwenyekiti wa jumuiya atataka kubeba, mhazini atataka kubeba, na aliyechangia maua atataka kubeba. Nao wana haki ya kutamani heshima hiyo. Tatizo ni kwamba machela haisomi vyeo, husoma urefu.

Wapange wanaojitolea wakiwa wamevaa viatu watakavyovivaa Subukia, kisha upime urefu kutoka chini hadi begani. Chagua wanne ambao mabega yao hayatofautiani zaidi ya sentimita 3, halafu wanne wengine wa akiba kwa kipimo hichohicho. Anayeona ameachwa mpe msalaba, bendera, au kazi ya kuongoza Rozari. Hizo nazo ni huduma, na bega lake litamshukuru.

Fanyeni mazoezi mara mbili kabla ya safari, bila sanamu. Wekeni pakiti 12 za unga za kilo 2, jumla kilo 24, kwenye jukwaa, mzifunge kwa mikanda ileile, na juu yake msimamishe chupa ya maji isiyofungwa kifuniko. Zungukeni uwanja wa kanisa. Maji yakimwagika, hamjawa tayari. Sisi mara ya kwanza tulirudi na chupa tupu na unga uliopasuka, na watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto parokiani, wakapata cha kusimulia mwezi mzima.

Mtu mmoja tu ndiye atoe amri, naye asibebe. Amri ziwe nne na fupi: inueni, twendeni, simameni, shusheni. Kabla ya kila amri aseme "tayari?" na asubiri wote wanne waitikie. Kuinua kufanywe kwa magoti, mgongo ukiwa umenyooka.

Kuna kanuni moja ya mlimani ambayo wengi huigundua wakiwa wamechelewa. Mnapopanda, wabebaji wa nyuma huwa chini kuliko wa mbele, machela huinamia nyuma, na uzito mwingi huwaangukia wao. Kwa hiyo warefu zaidi na wenye nguvu wakae nyuma wakati wa kupanda, na wahamie mbele wakati wa kuteremka. Zile sentimita 3 za tofauti, ambazo kwenye tambarare ni kero, mlimani huwa msaada.

Na zile stuli mbili? Ni za kupumzishia machela kila mnaposimama kwenye kituo cha Njia ya Msalaba. Bila stuli, wabebaji husimama na mzigo begani wakati wa kila somo na kila sala, vituo vyote 14, na mikono huanza kutetemeka kwenye kituo cha sita au cha saba. Vijana wawili wazibebe na wawe hatua tano mbele daima.

## Hatua ya 6: Kitubio kifanyike Nairobi

Mahujaji wengi hupoteza nusu ya siku kwenye foleni ya kitubio Subukia, na wengine huikosa Misa kwa ajili hiyo. Hakuna ulazima. Kwa mujibu wa mafundisho ya Kanisa kuhusu rehema kamili, yaani kuondolewa adhabu za muda za dhambi zilizokwisha kusamehewa, anayeshiriki katika hija ya kikundi kwenda kituo cha hija cha kitaifa anaweza kuipata akiwa ameungama, amepokea Ekaristi Takatifu, amesali kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo wake umejitenga na mapendo ya dhambi hata ndogo. Akiwa mahali pale asali Baba Yetu na Kanuni ya Imani. Maungamo yenyewe yanaweza kufanywa siku kadhaa kabla au baada, takriban siku 20.

Mwombe paroko, basi, awape kikundi jioni moja ya kitubio katika wiki ya mwisho kabla ya safari. Mapadre wa Subukia watabaki na nafasi kwa yule ambaye moyo wake umemgeuka akiwa palepale kilimani, na yuko mmoja kila safari.

Jioni hiyohiyo mwombe padre abariki sanamu ikiwa haijabarikiwa. Ni wakati mzuri pia wa kuwaeleza vijana kwamba heshima tunayoitoa mbele ya sanamu humwendea yule anayewakilishwa, wala hatuuabudu mti au plasta, kwa sababu watu watawauliza barabarani, na kujibu kwa hasira si ushuhuda.

## Hatua ya 7: Kupakia usiku wa kuamkia safari

Sanamu isafiri imelala chali ndani ya sanduku, juu ya sponji, imefungwa kwa leso, na nafasi zote kati ya shingo, mikono na kuta za sanduku zijazwe vipande vya sponji. Ilale, isisimame: ikisimama, kila tuta la barabarani hutikisa kichwa juu ya shingo, ikilala, mtikiso huo hugawanyika mgongo mzima. Sanduku liwekwe sakafuni mwa basi, karibu na katikati, mbali na magurudumu ya nyuma. Lisipandishwe kwenye keria.

Wala isipakatwe na mtu. Mwaka mmoja mama mmoja mwenye imani kubwa aliomba kuipakata, nami nikakubali kwa sababu ya upendo wake. Dereva alipofunga breki ghafla kabla ya Gilgil, mama alifanya kile ambacho mwili wa binadamu hufanya: aliikumbatia kwa nguvu. Mkono wa kulia wa sanamu ulibaki ndani ya leso yake. Alilia mpaka Nakuru, na kosa halikuwa lake.

Machela hufunguliwa bolti na kupakiwa vipande vipande. Weka bolti zote, nati zake na spana mbili ndani ya mfuko mmoja, na mfuko huo ufungwe kwenye mti wa machela. Ukiutia mfukoni mwa koti la mtu, koti hilo litabaki nyumbani.

## Hatua ya 8: Barabarani

Basi liondoke saa tisa usiku ili mfike kufikia saa mbili asubuhi, mkiwa na saa moja ya kupoteza. Tangaza kwamba mkutano ni saa nane unusu. Zungumza na dereva mapema, mbele ya kamati, ili usiachwe peke yako saa hiyo ikifika:

"Dereva, saa tisa kamili tunaondoka."

"Na kama kuna mtu yuko njiani, mwenyekiti?"

"Atatukuta Naivasha kwa gari lingine, au atatuombea akiwa nyumbani."

Maneno hayo ni makali, lakini mtu mmoja aliyechelewa nusu saa huwaibia watu 30 nusu saa kila mmoja.

Kati ya Limuru na Kinungi ukungu wa alfajiri huweza kuwa mzito, na upanuzi wa barabara kutoka Rironi hadi Mau Summit, ulioanza mwishoni mwa 2025, unaongeza foleni na njia za kuchepuka. Simameni mara moja tu, Naivasha au Nakuru, kwa dakika 20, na mhesabiwe kwa majina kabla ya kuondoka. Kuhesabu vichwa hakutoshi. Vichwa 30 vinaweza kuwa na mgeni mmoja aliyepanda basi lisilo lake.

Siku ya Jumamosi Rozari husaliwa kwa Matendo ya Furaha. Anzeni baada ya Naivasha, watu wakiwa wameamka, kuliko kuanza Rironi ambapo nusu ya basi husali kwa kukoroma.

## Hatua ya 9: Kufika na kupanda

Mkifika, jambo la kwanza si kukimbilia chemchemi. Chagueni mahali pa kukutania ambapo hapahamishiki, kama vile ukuta au mti mkubwa (siyo basi, kwa kuwa mabasi huamriwa kuhama), na mkubaliane saa. Simu huweza kukosa mtandao penye umati. Anayepotea na aende mahali hapo akae, asitafute.

Kama Misa ni asubuhi, machela ifungwe baada ya Misa. Anayeshika spana azikaze bolti, mtoa amri akague klipu, kisha mfanye jaribio la kuinua na kushusha mara tatu papo hapo kabla ya kuanza Njia ya Msalaba. Tembeeni kwa mwendo wa mzee wa mwisho katika kundi, si kwa mwendo wa kijana wa kwanza. Msalaba ulio mbele husubiri machela, na machela husubiri walio nyuma.

Badilisheni wabebaji kila baada ya vituo vitatu, machela ikiwa juu ya stuli, kamwe si begani. Njia ikiwa imelowa, na mvua za vuli huanza karibu na Oktoba, mtoa amri apitie kwanza yeye mwenyewe. Akiona utelezi, sanamu isimame hapo na watu waendelee bila yake. Hakuna kanuni ya Kanisa inayolazimisha sanamu ifike juu.

Wasioweza kupanda wabaki chini na wasindikizaji wao wakisali Rozari, na sanamu ipite mbele yao ikipanda na ikirudi. Mpango huu mdogo ndio nilioona ukiwagusa wazee kuliko yote, maana huona kwamba hija yote imefanyika, nao walikuwa ndani yake.

## Hatua ya 10: Maji ya chemchemi

Mtungi uwe mpya au uwe ulibeba maji tu. Uliobeba mafuta ya taa au ya kupikia hausafishiki, hata mwenye nao akiapa. Panga watu wachache wa kuteka kwa ajili ya wazee, msijazane.

Waambie watu waziwazi kwamba maji hayo hupokelewa kwa imani na sala, na kwamba hayachukui nafasi ya dawa za presha, za kisukari wala nyinginezo. Kiongozi anayenyamaza hapa kwa kuogopa kuonekana hana imani anaweza kumzika mtu mwezi ujao.

## Sanamu ikivunjika hata hivyo

Kusanya vipande vyote, hata unga wa plasta, ndani ya leso moja. Ukivunjika mkono au kidole kwa mkato safi, gundi nyeupe ya mbao hushika vizuri ikipakwa kidogo na kufungwa kwa saa 24. Gundi ya kukauka papo hapo hukunyima nafasi ya kurekebisha ukikosea kupanga. Usijaribu kufanya hivyo ndani ya basi.

Ikiwa imesagika, usiitupe kwenye taka. Kitu kilichobarikiwa hushughulikiwa kwa heshima: huzikwa ardhini mahali pasipokanyagwa, au huchomwa kikiwa cha mbao. Mwone paroko, naye atawaonyesha mahali.

## Baada ya kurudi

Sanamu itolewe sandukuni siku hiyohiyo ya kurudi, ipanguswe kwa kitambaa kikavu, na ikaguliwe nyufa kwa tochi kama mwanzo. Machela ihifadhiwe ikiwa imefunguliwa, mbali na unyevu, na mfuko wa bolti ukiwa umefungwa palepale kwenye mti wake.

Mhazini atoe hesabu kanisani Jumapili inayofuata, hata kama kilichobaki ni shilingi 200. Katibu naye aandike ukurasa mmoja wenye saa halisi mlizoondoka, mlizofika na mlizorudi, na majina ya wabebaji wanane pamoja na vipimo vya mabega yao, na ukurasa huo aukabidhi kwa kamati ya mwaka ujao.